Alama ya Gunia Haiponyi Mlima

Siku hizi karibu kila mali itokayo kwetu kwenda ng'ambo hudaiwa ushuhuda wake. Kahawa iwe na cheti, mbao ziwe na cheti, koltani iwe na lebo. Mnunuzi wa mbali ataka kujua kama kitu anunuacho hakikuletwa kwa damu, wala kwa kuharibu nchi. Nia hiyo ni njema, hatuikatai. Lakini mti hujulikana kwa matunda yake. Basi tuyatazame.

Julai 2010 Marekani ilitunga sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 chazitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka ule ule Rais Joseph Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, hata Machi 2011. Je, wenye bunduki walilala njaa? Aliyelala njaa ni mchimbaji mwenye koleo, na mama aliyemwuzia chakula.

Kisha ukaja mpango wa ITSCI: gunia lifungwe lebo yenye namba chimboni, na lebo ya pili kwa mfanya biashara. Gharama yalipwa na nani? Apelekaye madini ng'ambo hutozwa kwa kadiri ya uzito. Naye humpunguzia bei mfanya biashara, na huyu humpunguzia mchimbaji. Hivyo aliye chini ya wote ndiye anunuaye dhamiri safi ya aliye juu ya wote!

Tena lebo haina macho. Haiwezi kuapa kwamba mawe yaliyomo guniani yalichimbwa pale ilipofungwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilishitaki kwamba madini ya magendo yalikuwa yakitiwa lebo safi, ITSCI walikana. Mwaka huo huo Responsible Minerals Initiative iliacha kuutambua mpango huo. Aprili 2024 waasi wa M23 waliteka Rubaya, katika Masisi, penye koltani ikadiriwayo kuwa kama asilimia 15 ya dunia nzima. Desemba 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba tani 120 hivi kila mwezi zilivushwa Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Maziwa yakiisha kuchanganywa, nani atajua ng'ombe?

Na mlima wenyewe? Lebo yauliza habari ya gunia, mlima haiuulizi. Shimo huachwa wazi, mvua hushusha udongo mtoni, na mkulima wa bondeni hupoteza shamba lake.

Watu wengine husema: "Cheti kibovu ni bora kuliko kukosa cheti." Sivyo. Aliyekosa cheti huulizwa maswali. Mwenye cheti kibovu huachwa apite. Mlinzi asinziaye ni hatari kuliko mlango usio na mlinzi, kwa kuwa mwenye nyumba amemtumaini.

Hata hivyo tusitupe ngano pamoja na makapi. Kule Minova, chama cha wakulima wa kahawa SOPACDI kilipata cheti cha Fairtrade mwaka 2011. Zamani wakulima wengi wa ziwa Kivu walivusha kahawa usiku kwa mitumbwi, na wengine walizama. Chama kikajenga mahali pa kuoshea kahawa, kikapata wanunuzi, na juu ya bei huja nyongeza ambayo wanachama wenyewe huamua matumizi yake. Tofauti ni nini? Cheti cha kahawa humlipa ashikaye kanuni; lebo ya koltani humtoza.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, anayetaka ushuhuda na aulipie mwenyewe, asimkate maskini. Pili, ushuhuda uhesabu pia mashimo yaliyofukiwa, miti iliyopandwa na maji yaliyolindwa. Tatu, wachimbaji na wakulima wa bonde wawe na sauti katika ukaguzi, maana wao hulala hapo baada ya mkaguzi kwenda zake.

Nanyi wafanya biashara wa Goma, msijifiche nyuma ya plastiki. Mwajua gunia limetoka wapi kabla lebo haijafungwa. Semeni kweli.