MABATI YETU NA KODI YA MAPATO

Ndugu Wanachama,

Leo twataka kusema juu ya nyumba zetu, maana mvua haingoji mshahara.

Sheria ya kodi ya mapato yasema, mtu akikopa benki ili anunue nyumba anayokaa au aitengeneze iwe bora, riba anayolipa hutolewa katika hesabu kabla ya kukatwa kodi. Mpaka wake ulikuwa shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu Desemba 2024 ni 360,000. Vema. Lakini ni wangapi kati yetu waliojenga kwa benki? Sisi hununua mabati kumi mwezi huu, mifuko mitatu ya simiti mwezi ujao, kwa fedha zilizokwisha katwa kodi katika mshahara, na dukani twalipa tena asilimia 16. Mwenye deni la benki husaidiwa. Mwenye kulipa taslimu kwa jasho la ovataimu hapati hata senti.

Tena wako wenzetu wenye vyumba vya kupangisha. Tangu Januari 2024 Serikali huchukua asilimia 7.5 ya pango lote (tuliite pango, tusichanganye kodi mbili). Pango la 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka, na Serikali hupata 27,000. Upepo ung'oe paa, umlipe fundi 60,000, bado ni 27,000. Lakini tajiri ambaye pango lake lapita milioni 15 kwa mwaka hutozwa kwa faida, ingawa kwa kiwango kikubwa zaidi, na gharama za kukarabati hupunguzwa kwanza. Kweli, mdogo naye aweza kumwandikia Kamishna atozwe kwa faida, ila awe na vitabu na risiti. Hata hapo, kubadili bati bovu hukubaliwa, kuongeza chumba hakukubaliwi.

Babu zetu walitozwa kodi ya kibanda tangu 1901, kila kibanda kwa hesabu yake, na wengine wakasongamana katika kimoja ili wapunguze hesabu.

Basi twaomba tawi letu lipeleke neno hili COTU kabla ya Mswada wa Fedha kufika Bungeni, ambao huletwa kabla ya Aprili kwisha: mwenye risiti za kutengeneza nyumba anayokaa naye apunguziwe, hata iwe nusu ya apewacho mwenye benki. Kila mwezi twakatwa asilimia 1.5 kwa nyumba za Serikali, na zetu zavuja. Wenye risiti za mwaka huu wazilete kwa katibu wa tawi, tupate hesabu ya kuonyesha.