Leo ana gramu ngapi?

Mwaka juzi dada yangu anayeishi Mbagala alijifungua mimba ikiwa na wiki 31. Mtoto alikuwa na kilo 1.2, amezidi kidogo tu pakiti ya sukari ya kilo moja.

Nilifika wodini na maneno ambayo kila mtu huyasema: "Usijali dada, atakuwa sawa tu."

Akanitazama. "Umejuaje?"

Sikuwa na jibu, ingawa kazi yangu ni kuandika habari za afya.

Nesi mmoja wa makamo hakumwahidi kitu. Alimvua mtoto nguo akamwachia nepi, kofia na soksi, akamweka wima kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha akamfunga kwa khanga. "Mama, kazi yako ni kumpa joto, usiku na mchana. Ukichoka, baba yake apokee."

Hiyo ndiyo njia ya kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa mashine za kuwapa joto watoto njiti, yaani wanaozaliwa kabla ya wiki 37.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Kwa walioanza kubebwa mara baada ya kuzaliwa, vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa pungufu kwa asilimia 25 kuliko kwa waliosubiri hali itulie kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri njiti abebwe hivyo kwa jumla ya saa 8 hadi 24 kila siku, mapema iwezekanavyo.

Shemeji yangu ni dereva wa bodaboda. Mwanzoni aliona aibu. Mwanaume afungwe khanga mbele za watu? Siku ya tatu alimkuta mkewe anasinzia huku ameketi. Akafungua vifungo vya shati. Tangu hapo kila jioni alipaki pikipiki, akaoga, akaja kupokea zamu.

Siku za mwanzo uzito ulishuka, jambo la kawaida kwa watoto wachanga. Kisha asubuhi moja mizani ikaonyesha gramu 10 zaidi. Hazifiki hata vijiko vitatu vidogo vya sukari, lakini dada alinipigia simu analia kwa furaha. Haba na haba hujaza kibaba. Akaanza kuziandika kwenye daftari.

Hapo ndipo nilipoelewa tumaini. Dada hakujua kesho itakuwaje. Alijua cha kufanya leo: kubeba, kukamua maziwa, kupima. Hilo lilimtosha kuamka tena.

Lakini niseme na upande wa pili. Mama wa kitanda cha jirani alibeba vilevile, akakamua vilevile, na mwanawe akafariki. Tafadhali, mama wa namna hiyo asiambiwe kwamba angeamini zaidi. Hakupungukiwa na imani wala upendo. Joto lile mtoto alilipata hadi dakika ya mwisho, na hakuna wa kumnyang'anya mama yake hilo.

Mzazi, ukiwa na ndugu mwenye njiti, punguza ahadi. Mpelekee uji, mfulie nguo, na wahudumu wakiruhusu, omba zamu ya kubeba. Badala ya kumwambia "atapona tu", muulize, "Leo ana gramu ngapi?"

Mkisharuhusiwa kwenda nyumbani, endeleeni kumbeba na msikose kliniki. Akishindwa kunyonya, akipumua kwa shida, akiwa wa baridi au akichemka, mrudisheni hospitali mara moja, hata kama ni usiku.

Jumapili iliyopita nilimkuta mpwa wangu uani akimkimbiza kuku wa jirani. Dada bado ana lile daftari, amelihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Na yule nesi, nikikutana naye tena, nitamshukuru kwa kutotuahidi chochote.

Tukutane wiki ijayo.