Injini ya Motokaa Yaweza Kusaga Mahindi

Katika Kaunti ya Migori injini ni mtumishi wa watu wengi. Mahali pasipo na umeme, ndiyo isagayo mahindi, ndiyo ikamuayo miwa ya sukari guru, na huko Nyatike ndiyo ipondayo mawe ya dhahabu. Kwa kuwa injini mpya ni ghali, wako wanunuao iliyong'olewa katika motokaa kuukuu. Jambo hili si baya, lakini alifanyaye bila kuuliza aweza kupoteza fedha zake, na pengine maisha ya mtu.

Hata watengenezaji wakubwa wamefanya hivyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, motokaa ya Standard Vanguard na trekta ya Ferguson TE20, zote za Coventry, Uingereza, zilikuwa na injini za ukoo mmoja. Lakini ile ya trekta ilitiwa kirekebisha mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana.

Katika motokaa, mguu wa dereva ndio upunguzao mafuta. Kinuni hakuna dereva. Mahindi yakiisha ghafula mzigo hupungua, na injini isiyo na gavana hukimbia mno hata ikajivunja. Injini nyingi za dizeli zina gavana katika pampu ya mafuta. Za petroli kwa kawaida hazina, basi hapana budi zitiwe.

Jambo la pili ni joto. Motokaa hupata upepo iendapo, bali injini iliyosimama kibandani haiupati. Yataka rejeta kubwa na feni imara, na maji yaangaliwe kila siku.

La tatu ni nguvu. Nguvu zilizoandikwa katika kitabu cha motokaa ni za mwendo wa juu kabisa, ambao barabarani hutumika kwa dakika chache tu. Kinu hudai nguvu kutwa nzima. Yafaa basi kuchagua injini yenye nguvu kuzidi zihitajiwazo, na kuiendesha kwa mwendo wa wastani.

La nne ni hesabu ya puli. Tuseme injini huzunguka mara 1,500 kwa dakika, puli yake ina upana wa inchi 6, na kinu chataka mizunguko 600. Zidisha 1,500 kwa 6, kisha gawanya kwa 600: puli ya kinu itakuwa ya inchi 15. Kwa kazi nzito, puli ya injini ifungwe kwenye shafti ya pembeni yenye beringi zake, maana mkanda huvuta upande na kula beringi za injini. Klachi nayo iwepo, ili injini iwashwe bila mzigo.

Tena moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu. Bomba lake litokeze nje ya kibanda. Na mkanda uzungushiwe wavu, usije ukanasa nguo ya mama angojaye unga wake au mkono wa mtoto.

Mwisho, kabla ya kulipa, mnunuzi anakili namba iliyopigwa kwenye injini, akaulize katika maduka ya Migori au Kisumu kama vipuri vyake vyapatikana. Injini rahisi isiyo na vipuri ni chuma chakavu tu, cha kuuzwa kwa kilo.