Bibi Yetu Alikuwa Mtundu, na Tusimfiche



Wapenzi wasomaji, juzi tulikusanyika hapa Buyenzi, Bujumbura, kwa dua tunayomsomea Bibi yetu kila mwaka. Baada ya kula, baba mdogo aliinuka kwenda zake akakuta kandambili yake moja haipo. Ya kushoto. Tukatafuta uvunguni, uani, hadi banda la kuku. Ikaja kuonekana nyuma ya mtungi wa maji, na binti yangu wa miaka saba amekaa mkekani kimya mno, mikono juu ya magoti kama yuko mbele ya ustadhi.

Baba mdogo hakucheka. Alipouliza mtoto kajifunza wapi, nilisema kweli: nilimsimulia mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Bibi, Allah amrehemu. Mgeni akisema "nimepita tu, sikai," Bibi alimjibu "sawa mwanangu," kisha kandambili moja inatoweka. Mgeni ataondokaje na mguu mmoja? Basi anakaa, chai inaletwa, wali unaiva, na akimaliza kunawa anaikuta kandambili mlangoni imerudi yenyewe. Watu wa mtaani walishamzoea. Nadhani wengine walikuwa wakiviacha viatu vyao mahali pa wazi makusudi, hasa mwisho wa mwezi.

Baba mdogo, ambaye ndiye mwalimu wetu sote wa Qur'ani, alinipa hoja mbili. Ya kwanza sina la kuijibu. Imo katika mapokezi ya Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kuchukua mali ya ndugu yake, iwe kwa mzaha au kwa kweli. Binti yangu nimemweleza hivyo. Hoja ya pili ndiyo iliyonikalisha kuandika. Alisema marehemu hatajwi kwa vichekesho. Atajwe kwa swala zake, saumu zake na sadaka zake, basi.

Ndugu zanguni, hapo mimi na mzee wangu tumetofautiana, kwa heshima zote. Tumekatazwa kuwatukana wafu, na katazo hilo lipo kwa Bukhari kutoka kwa Bi Aisha (r.a.). Lakini kucheka kwa mapenzi ni matusi? Mtume mwenyewe alikuwa akitania, ila hakusema isipokuwa kweli. Alimwendea mtu mmoja akiomba kipando, akaambiwa atapewa mtoto wa ngamia. Maskini akashangaa, mtoto wa ngamia atampanda vipi? Akaulizwa kama yupo ngamia asiyezaliwa na ngamia.

Bibi alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Na ajabu ni kwamba sisi wenyewe kila mwaka tunasimulia habari moja ya ulimi huo kwa fahari, tena baba mdogo ndiye msimulizi. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilianza kutengana kwa makabila. Buyenzi watu waliendelea kuishi mchanganyiko. Usiku mmoja chumba chetu cha nyuma kilijaa majirani waliokimbia kwao. Vijana wakagonga, wakauliza kuna wageni gani humu ndani. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimejishika kwenye kanga yake. Bibi akainua kibatari, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Mgeni namwona huyu aliyekula maandazi yangu tangu Ramadhani hajalipa." Akamtaja kijana kwa jina la bibi yake mzaa mama, akamtajia na idadi ya maandazi. Wenzake wakaanza kumcheka. Bibi akaongeza kuwa humu ndani wote wamekula chungu kimoja, hakuna mgeni. Waliondoka. Alipofunga mlango nilihisi kanga yote inatetemeka.

Sasa niambieni, wasomaji. Ulimi uliowatoa wale vijana mlangoni si uleule uliokuwa ukiwazuia wageni kwa kandambili? Tunautaka usiku ule, tunaionea haya kandambili. Mtoto akisikia habari ya usiku ule peke yake atadhani Bibi alikuwa jasiri wa kuzaliwa, mtu wa vitabuni. Hakuwa hivyo. Alikuwa amejizoeza miaka mingi kwa mambo madogo.

Wala sisemi utundu wake wote ulikuwa mwema. Alipopatikana na kisukari alikatazwa sukari kabisa. Akanituma mimi dukani, robo kilo, niifiche kikapuni chini ya bamia, na tukiwa mbele ya watu jina lake "dawa ya kikohozi". Muuguzi akimuuliza, Bibi alijibu, "Chai yangu haina sukari hata punje." Kweli haikuwa nayo. Sukari ilikuwa kiganjani, analamba kidogo, anapiga funda la chai. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilicheka sana. Kisha jicho moja likafifia, kidonda cha mguu kikakataa kupona, na mimi nikaacha kucheka. Mpaka leo nikipita duka lile natazama upande wa pili. Hiyo nayo nimemsimulia binti yangu, kwa sababu ana shangazi mwenye maradhi hayohayo, na shangazi huyo ana maneno matamu.

Mpaka wangu ni huu. Yale Bibi aliyoyasimulia mwenyewe huku akicheka, tuyasimulie. Yale aliyoyaficha, tumfichie, na yapo, nami sitayaandika hapa wala popote. Habari ya kiganja aliitoa yeye mwenyewe hospitalini, akiwa kitandani, mbele ya muuguzi yuleyule, akamwomba amsamehe. Muuguzi alicheka hadi akakaa.

Binti yangu ameshamwomba radhi babu yake. Mzee amemsamehe, lakini tangu siku ile akija kwetu anavua kandambili na kuziingiza ndani mkononi. Alhamisi alisema amepita tu. Alikaa hadi Isha.

Wabillahi tawfiq.