Mwanga Umfikie Aliyeketi Nyuma



Juma hili halmashauri ya walei imeanza kujadili ununuzi wa projekta kwa ajili ya ukumbi wetu mkubwa. Fedha zimechangwa na jumuiya ndogo ndogo, na nyingine ni bei ya gunia la alizeti la mjane. Kwa hiyo uchaguzi huu si mchezo.

Kwanza niseme wazi kwamba ninauunga mkono. Kanisa halikuipa sinema kisogo. Papa Pius XI aliiandikia waraka wa *Vigilanti Cura* mwaka 1936, naye Pius XII akafuata na *Miranda Prorsus* mwaka 1957. Hofu yangu ni kwamba tutanunua ukubwa, tukidhani tumenunua mwanga.

Wapo wanaotamani picha ienee ukuta mzima. Na tufanye hesabu. Mwanga wa projekta hupimwa kwa lumeni. Yenye lumeni 3,000, ikitupa picha ya upana wa mita 2, hutoa lumeni 1,300 hivi kwa kila mita ya mraba. Ongezeni upana hadi mita 4: mwanga ni ule ule, lakini eneo limekuwa mara nne, na kila mita ya mraba hubakiwa na lumeni 330 hivi. Kwa upande mwingine, picha ikiwa ndogo mno, aliyeketi nyuma hasomi maandishi. Hekima i katikati.

Kisha kuna jua letu la Dodoma. Projekta haina uwezo wa kurusha weusi. Palipo peusi katika picha ni kitambaa kisichomulikwa tu. Jua likipenya dirishani, weusi huo hugeuka kijivu na picha yote hufifia. Pengine mapazia mazito yatatufaa kuliko kuongeza lumeni.

Tusisahau vumbi la kiangazi. Huziba vichujio, mashine ikapata joto, na umri wake ukapungua. Taa ya kawaida hudumu saa elfu chache. Zile za leza hutajwa kufikia saa 20,000 hivi, ingawa bei yake ya mwanzo ni kubwa. Bwana wetu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema habari za mtu aketiye kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi tuulize bei ya taa ya akiba siku ile ile tunapouliza bei ya mashine.

Na sauti je? Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ulizunguka Afrika Mashariki na lori la kuonyeshea filamu. Maelezo yaliwekwa katika santuri, ili watu waelezwe kwa lugha wanazozielewa. Walijua kwamba picha pekee haitoshi. Fedha zote zikiishia kwenye projekta, tutabaki tukitazama midomo ya watu ikichezacheza.

Ushauri wangu ni huu. Tusinunue kwa namba zilizoandikwa kwenye boksi, wala kwa maonyesho ya dukani ambako taa zimezimwa. Mashine iletwe ukumbini saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Tumwombe mama mzee mmoja aketi benchi la mwisho. Akiweza kusoma maandishi na kusikia maneno bila kukunja uso, tununue. Asipoweza, tumshukuru muuzaji na kuendelea kutafuta.

Walio mbele wataona hata kwa mashine duni, na mara nyingi ndio wanaoamua. Lakini mjane wa alizeti huketi nyuma. Chombo kilichonunuliwa kwa sadaka yake kisipomfikia yeye, tutakuwa tumemchangisha ili wengine wastarehe.

Nawatakia juma lenye baraka.