Tulipe Ini Nafasi ya Kutumia Akiba Yake

Ndugu zangu, mtu akivimba tumbo na macho yakageuka manjano, mtaani husemwa haraka: alikuwa mlevi, au amerogwa. Maneno hayo yanaumiza, na mara nyingi si kweli. Ini hujaa mafuta hata kwa mtu ambaye hajaonja pombe maishani. Kutoka hapo hadi lipate makovu na kusinyaa hupita miaka mingi, tena bila maumivu yoyote ya kumshtua mwenyewe. Ndiyo maana nawaomba tuzungumze sasa, tungali wazima.

Ndani ya seli za ini kuna kimeng'enya kiitwacho AMPK, na kazi yake ni kupima nishati. Akiba ya nishati ikipungua, AMPK huamka: husimamisha utengenezaji wa mafuta mapya na kufungua njia ili yaliyopo yaunguzwe. Tukila mfululizo, hulala. Insulini hubaki juu, na ini huendelea kugeuza sukari kuwa mafuta. Mafuta yakionekana katika zaidi ya asilimia 5 ya seli za ini, madaktari huhesabu kuwa ugonjwa umeanza.

Hebu tazama siku ya kawaida kazini. Chai ya sukari na maandazi asubuhi, soda saa nne, wali mchana, juisi ya kopo jioni, halafu sahani iliyojaa saa tatu usiku, na kitandani. AMPK itaamka saa ngapi? Soda ya nusu lita peke yake hubeba takriban gramu 50 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani lingependa mtu mzima asizidi 25 kwa siku nzima. Karibu nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na mzigo wake mkubwa huangukia ini.

Kwa hiyo naomba tuanzie kwenye ukarimu wetu. Kikao cha harusi, mkutano wa vikoba, semina: mgeni hajakaa vizuri, kreti la soda limeshafika. Tuweke maji na matunda mezani, na anayekataa soda asionekane ana maringo. Tuache pia kumsifia mtu kitambi kana kwamba ni cheti cha maisha mazuri. Kitambi na mafuta ya ini huandamana.

Tutembee, jamani. Nusu saa ya mwendo wa haraka, siku tano kwa wiki, hulisaidia ini hata kabla mizani haijasogea. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, mafuta ya ini huanza kupungua. Akipunguza 8 au zaidi, hata makovu yanaweza kurudi nyuma.

Wewe unayehudhuria kliniki ya kisukari, safari ijayo muulize daktari: "Na ini langu je?" Vipimo vichache vya damu, vikijumlishwa na umri wako, humwonyesha kama kuna dalili ya makovu. Usiruke milo bila kumwambia, maana dawa unazotumia zinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Na hizo chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi na mitandaoni, tafadhali ziache. Baadhi ya mitishamba huliumiza ini lilelile unalotaka kuliponya.