Kabla Hatujawaita Wahuni

Mwezi uliopita tulimuaga mwenzetu mmoja aliyestaafu baada ya kufundisha kwa miaka mingi. Hakutaka hotuba ndefu. Aliomba jambo moja tu: baada ya chakula tuzime taa za ukumbi, tuonyeshwe ukutani maonyesho ya zamani ya The Temptations, kundi la waimbaji wa Detroit alilolipenda tangu ujana wake. Tukafanya hivyo. Vijana watano warefu, suti za rangi moja, viatu vinavyong'aa. Mmoja anaimba mbele. Wanne walio pembeni yake wanageuka kwa pamoja, wanapiga hatua mbili, wananyoosha mkono, wanaurudisha kifuani, kisha wanafika kwenye kipaza sauti wakati uleule kiitikio kinapoanza. Hakuna aliyechelewa, wala aliyewahi.

Ukumbi ulipiga makofi kana kwamba waimbaji walikuwa mbele yetu. Wazee watano wakainuka kujaribu hatua zile. Walipofika kwenye kugeuka, wawili waligongana na mmoja akaangusha miwani. Tulicheka hadi machozi. Ndipo mzee mmoja, akirudi kitini huku akihema, akasema: "Huo ndio uliokuwa muziki. Watu wenye adabu! Siyo huu uhuni wa sasa, singeli sijui nini." Wengi waliitikia kwa vichwa. Kijana aliyekuwa akituendeshea kompyuta aliinamisha uso, akatafuta wimbo uliofuata.

Nakubaliana na mzee wangu kuhusu uzuri wa tulichokiona. Sababu aliyoitoa ndiyo ninayoikataa, pamoja na hukumu aliyoipitisha juu ya kijana yule bila hata kumtaja. Naomba nieleze kwa nini, maana jambo hili linapita mipaka ya sherehe moja.

Tuanze na hatua zenyewe. Kundi lile la katikati ya miaka ya 1960 lilikuwa na Otis Williams, Melvin Franklin mwenye besi nzito, Eddie Kendricks mwenye sauti nyembamba ya juu, Paul Williams na David Ruffin. Aliyebuni miondoko yao ya mwanzo alikuwa Paul Williams, mmoja wao. Baadaye kampuni yao ya Motown ilimwajiri Cholly Atkins. Huyu alizaliwa mwaka 1913 huko Alabama, na kwa miaka mingi alikuwa bingwa wa dansi ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vipande vya chuma, akishirikiana na Honi Coles. Dansi hiyo ilipokosa soko baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Atkins hakuuzika ujuzi wake. Aliupeleka kwa vijana waliojua kuimba lakini hawakujua waifanyie nini mikono na miguu yao jukwaani.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo shabiki huiona bila kuitambua. Muimbaji si mnenguaji tu. Mnenguaji anaweza kumaliza pumzi zake zote kwenye hatua. Muimbaji lazima abakize za kuimbia. Tena waitikiaji wengi wa enzi hizo walichangia kipaza sauti kimoja kilichosimama mahali pamoja. Kwa hiyo kila hatua ilipaswa kupimwa: ni wapi waondoke kwenye kipaza sauti, wageuke mara ngapi, na warudi lini ili mdomo uwe mahali pake na kifua kiwe na hewa neno la kwanza linapotakiwa. Mkono ukieleza maneno ya wimbo, usizibe uso. Bega likiinama, lisimguse wa pembeni. Tunachokiita wepesi ni hesabu iliyorudiwa mamia ya mara hadi ikaacha kuonekana kuwa hesabu. Ruffin aliporusha kipaza sauti hewani akakidaka, au alipopiga magoti, aliweza kufanya hivyo kwa sababu wenzake wanne walikuwa wakiushikilia mdundo bila kuyumba.

Kwa hiyo mzee akisema "adabu", mimi naona kazi. Na tukishasema kazi, inatupasa kuuliza ilifanyika wapi, kwa masharti gani, na nani aliilipia.

Wote watano walizaliwa Kusini mwa Marekani: Texas, Alabama, Mississippi. Walikuwa watoto wa ule uhamaji mkubwa wa Wamarekani Weusi waliokimbia ubaguzi na umaskini wa mashambani, wakafuata ajira za viwanda vya Kaskazini. Detroit ulikuwa mji wa magari. Berry Gordy, aliyeanzisha Motown mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Lincoln-Mercury, na mwenyewe amesema kwamba mstari wa kuunganishia magari ndio uliompa wazo la namna ya kutengeneza wanamuziki. Anaingia kijana wa mtaani upande mmoja. Anapitia kwa mwalimu wa sauti, kwa Atkins wa miondoko, kwa Maxine Powell aliyefundisha namna ya kukaa, kutembea na kuzungumza. Anatoka upande wa pili akiwa nyota. Bi Powell aliwaambia wanafunzi wake kwamba anawaandaa kwa majumba mawili: Ikulu ya Marekani na kasri la Buckingham.

Mtu anaweza kulisoma hilo kama unyenyekevu mbele ya wazungu, na wapo waliolisoma hivyo. Mimi nasita. Otis Williams amesimulia mara kadhaa jinsi walivyoimba katika ukumbi mmoja wa Kusini ambamo kamba iliwatenga watazamaji weusi na weupe, na jinsi walivyorudi baadaye wakakuta kamba imeondolewa, watu wanacheza pamoja. Sitadai kwamba hatua za dansi ndizo zilizoikata kamba. Ilikatwa na watu walioandamana, waliofungwa na waliouawa. Hata hivyo, katika nchi ambayo sheria na desturi zilimwona mwanaume mweusi kuwa ama kibarua ama hatari, watu watano waliosimama wima, nadhifu na kwa umoja usio na dosari walikuwa wakitoa hoja. Waliitoa kwa miili yao, kwa kuwa ni miili yao hiyohiyo iliyokuwa ikidharauliwa.

Hoja hiyo ilikuwa na gharama, nayo hatuimbi tunapoinuka kucheza. Paul Williams, mbunifu wa hatua za mwanzo, aliandamwa na ugonjwa wa selimundu na ulevi. Mwishoni mwa miaka yake na kundi hali yake ilidhoofu kiasi kwamba Richard Street aliimba sehemu zake akiwa nyuma ya pazia, huku Paul akicheza mbele ya watazamaji na kufuatisha maneno kwa midomo. Tafakari picha hiyo, msomaji. Mwili unatoa utulivu wote uliotakiwa, sauti inatoka kwa mtu mwingine gizani, na ukumbi unashangilia ukamilifu. Mwaka 1971 aliacha kupanda jukwaani. Mwaka 1973 alifariki akiwa na umri wa miaka 34. Nidhamu ile tunayoisifu ilimheshimisha, na pia ilimfundisha kuficha maumivu yake hadi mwisho.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana historia hii ina sura yake ya Dar es Salaam ambayo wazee wangu wameisahau upesi mno.

Mwaka 1969 ulianza na Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Mwezi Novemba mwaka huohuo, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul. Naam, muziki uleule uliowainua wazee wangu vitini. Ulionekana kuwa upotofu wa kigeni unaowaharibu vijana na kuwatoa katika mila. Magazeti yakapokea barua za kuunga mkono na za kupinga. Waliopinga waliuliza swali gumu: inawezekanaje taifa linalojinasibu kuwa ngome ya ukombozi wa Mwafrika liukatae muziki wa Wamarekani Weusi?

Sitaki kuwadhihaki waliopiga marufuku. Walikuwa na hoja nyuma yao. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962, alilalamika kwamba elimu ya kikoloni ilitufanya tujue dansi za Ulaya na kuzionea haya ngoma zetu. Lilikuwa dai la haki, na bado ni la haki. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila kilichopita kwenye santuri kutoka ng'ambo kilikuwa mali ya mkoloni. Tena sisi tulikuwa na sababu ya kuelewa zaidi. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, ilichukua gwaride na vyeo vya kijeshi vya wakoloni ikavigeuza kuwa mashindano na fahari ya watu wa mitaa. Watawala waliitazama wakicheka, kisha wakaanza kuihofia. Watu waliokuwa na babu waliocheza beni walikuwa na kila kinachohitajika kuielewa safu ya The Temptations.

Siku chache baada ya sherehe nilimpigia simu yule mzee. Nilimuuliza: "Shikamoo mzee. Novemba 1969 ulikuwa wapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kwa sauti. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari hapahapa Dar es Salaam. Aliikumbuka marufuku vizuri. "Marehemu baba alituita wahuni," alisema, "alisema sauti za kupiga kelele na kukata viuno." Nilingoja aunganishe mwenyewe maneno ya baba yake na yale aliyoyasema ukumbini. Aliaga akasema tutaongea siku nyingine.

Hoja yangu ni hii. Neno "uhuni" katika sanaa mara nyingi halielezi chochote kuhusu sanaa. Linaeleza umri na cheo cha anayelitamka. Muziki wa vijana maskini huitwa uhuni hadi vijana hao wazeeke, ndipo unaitwa urithi. Simaanishi kwamba kila kitu ni kizuri. Yapo mashairi ya singeli yanayomdhalilisha mwanamke, na yanastahili kukemewa kwa kutajwa ubaya wake, wimbo kwa wimbo. Lakini anayetaka kuhukumu miondoko aanze kwa kutazama kazi iliyomo ndani yake. Ahesabu mazoezi. Aulize nani alifundisha, nani alilipwa, nani aliumia.

Cholly Atkins alishiriki tuzo ya Tony mwaka 1989, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, kwa kazi aliyoianza akiwa kijana. Ilibidi aishi muda mrefu ili aheshimiwe. Wangapi kwetu wataishi muda huo?

Kijana aliyetuendeshea kompyuta nilimkuta juma lililofuata nikamuuliza kama alipenda tulichokitazama. Alisema aliwahi kukitazama mara nyingi. Yeye na wenzake wanne hucheza singeli, na ule mgeuko wa wanne kwa pamoja wanajaribu kuuingiza katika mwendo wao, ila kasi ya singeli haiwaachii nafasi ya kuvuta pumzi. Ni tatizo lilelile la Atkins. Hufanya mazoezi jioni kwenye kiwanja cha shule, hadi mlinzi anapowafukuza.

Ukumbi tuliomuagia mwenzetu hufungwa saa kumi na mbili jioni na hukaa tupu hadi asubuhi. Nimeandika barua kwa wahusika kuomba ufunguliwe kwa vijana hawa siku mbili kwa juma. Nawaomba wazee waliocheza usiku ule, na hasa yule aliyeangusha miwani, waje kuitia saini pamoja nami.